Mkonga Haulishwi Makofi

Paukwa!

Mbona mnacheka? Lo! Jino langu la bandia limeruka, tii, limetua kwenye sahani ya njugu. Msiile hiyo nyeupe jamani! Nimelivusha mipaka mitano, halijapata kuniaibisha hivi. Haya, nimelirudisha. Tena, kwa meno yote: Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, palikuwa na Tembo. Mtego ulimnasa, ukamkata mkonga. Tembo bila mkonga hanywi, hali, hajimwagii maji. Lakini alikuwa na Ngedere. Ngedere huteka maji kwa kibuyu, humnywesha. Gluk, gluk, gluk! Humchumia majani, humlisha. Humsugua mgongo, kwaru, kwaru, kwaru! Wakipiga soga, wakicheka, siku ikipita.

Sasa, nchi ile ilikuwa na desturi. Wanyama wote walilima shamba moja la mtama. Siku ya mavuno, aliyeshika jembe alipewa mgao. Asiyeshika, hapati. Ngedere hakushika jembe. Angelishika saa ngapi? Nyati, mkuu wa shamba, akamwita mbele ya wote.

"Ngedere ana utu! Mpigieni makofi!"

Pwa! Pwa! Pwa!

Ngedere akarudi nyumbani na makofi. Watoto wakalala njaa. Mwaka wa pili, makofi. Mwaka wa tatu, makofi, na vigelegele juu yake.

Ngedere akalia. "Kaka Tembo, nakupenda. Lakini nakwenda kulima."

"Nenda, dada. Watoto hawangoji."

Nyati akamwambia Tembo, "Usihofu, mzee. Mwingine yupo."

Akaja Komba, akaondoka. Akaja Nyani, akaondoka. Kila mmoja Tembo akamfundisha upya: hapa panauma, hapa usiguse.

"Nimechoka kuwa mgeni ndani ya ngozi yangu!" akanguruma. Akaondoka, di! di! di! Akafika ghala la mtama, akajilaza mlangoni. Puu!

"Mzee, ondoka, tuna njaa!" wanyama wakapiga kelele.

"Siondoki."

"Basi kunywa maji, utakufa!"

"Sinywi."

Fisi akatema mate. "Kilema gani huyu, ana kiburi hivi?"

"Nimekatwa mkonga, Fisi, sikukatwa ulimi. Ngedere ndiye mkonga wangu. Na mkonga haulishwi makofi!"

Jua likawaka. Tembo akaanza kutetemeka kwa kiu. Ngedere akasikia, akaja mbio na kibuyu.

"Kaka, kunywa!"

Tembo akafumba mdomo. Akamtazama Nyati.

Nyati akatazama ghala. Tumbo lake likanguruma, gururu! "Haya! Kumhudumia Tembo nako ni jembe. Ngedere ana mgao wake. Na Komba atapokezana naye, apate kupumzika."

"Na mgao wa Komba?" Tembo akauliza.

"Na wa Komba! Sasa ondoka!"

Gluk, gluk, gluk!

Basi, wakubwa kwa wadogo, anayemhudumia mwenzake anafanya kazi. Mpeni haki yake, mpeni na pumziko. Mkimpa sifa tupu ataondoka, na kiu itabaki kwa asiyeweza kujitekea. Hadithi yangu imetua kibuyu chake hapa.

Shemeji yangu Makame, mtu wa maswali, akadakia: "Lakini huyo Ngedere, alirudi kwa mapenzi au kwa mtama?"

Bi Sichana alikuwa kando yake, akimlisha mwanawe asiyeweza kushika kijiko. Hakuinua hata uso.

"Mapenzi hayasagiki, Makame."