Tausi wa Kaniki

Hapo zamani, wakati ambapo mtu alipimwa kwa nguo kabla hajapimwa kwa maneno (na sina hakika kama wakati huo umekwisha), palikuwa na mji ukiitwa Madarizini, na sultani wake aliitwa Taufiki. Katika mji huo palikuwa na joho moja lililotajwa kwa sauti ya chini, joho la hariri nyeusi lenye tausi mgongoni, amedariziwa kwa uzi wa dhahabu, na mkia wake ukishuka hata visiginoni. Hilo walilivaa Sultani na wakubwa wa baraza lake tu. Tena babu yake Sultani alikuwa ameliwekea sheria, akasema, "Mwenye tausi asiulizwe jina." Basi aliyelivaa, bawabu humfungulia lango asimsemeze, watu humsimamia, naye huketishwa zuliani akapewa kahawa na halua kabla ya wengine.

Fundi wa joho hilo alikuwa mwanamke mmoja, Mwanakombo, na hapakuwa na sindano nyingine mjini iliyoweza kumfanya ndege wa uzi aonekane yu karibu kulia. Lakini hariri haichakai upesi, na wakubwa wale walikuwa wachache na wagumu wa kufa, ikawa joho jipya huagizwa kwa nadra mno. Heshima Mwanakombo alikuwa nayo tele. Unga ndio hakuwa nao. Na mumewe, Ngwali, hakuwa wa kutegemewa kwa habari ya unga, maana kazi yake ilikuwa kuketi barazani kwa watu na kuwajibu maswali ambayo hawakumwuliza.

Siku moja akapiga hodi Shomari, mwuza nguo wa sokoni, yule waliyemwita Shomari Bei ya Chee. Akakaribishwa mkekani, akasema, "Dada Mwanakombo, nishonee tausi wako huyuhuyu, ila umtie juu ya kaniki, kwa uzi wa pamba. Nitamuuza kwa bei ambayo hata mchukuzi wa maji ataimudu."

Mwanakombo akamtazama mumewe.

"Mke wangu," akasema Ngwali, "tausi wa dhahabu amekulisha nini mwaka huu?"

"Amenilisha sifa."

"Basi mjaribu huyu wa pamba. Huenda akaleta muhogo."

Tausi wa pamba akaleta muhogo, akaleta na samaki wa kuulia. Mwanakombo akawaita mashoga zake wa mtaani, huyu anashona mkia, huyu anashona kichwa, yeye mwenyewe akimalizia macho, kwa kuwa kwa macho hakumwamini mtu. Majoho yakatoka, na Shomari akawa hana muda hata wa kujikuna. Wakayavaa wachukuzi, wakayavaa wauza mbaazi, wengine wakaenda nayo harusini na wengine wakalima nayo. Kaniki ile ilikuwa ikichuja rangi, kwa hiyo nusu ya mji ilitembea na shingo za buluu, wala hapana aliyejali. Mbwana, mwenye punda wa kubeba chokaa, alinunua mawili, moja lake na moja la punda wake, akisema kwamba hawezi kupendeza peke yake huku mwenzake aliyemtafutia fedha yu uchi.

Sasa alikuwapo Waziri Mkuu wa Sultani, Mselemu, mtu mwenye kilemba kikubwa na subira ndogo. Akapita sokoni siku moja na joho lake la hariri, akitazamia watu wapasuke njia mbili kama desturi. Mama mmoja mwuza mbaazi akamwita, akamshika joho, akalipapasa upindo. "Pole baba," akamwambia, "Shomari kakuuzia zito hivi na jua lote hili? Mrudishie, akupe jepesi."

Waziri hakulala vizuri. Kulipokucha akaingia barazani akasujudu, akasema, "Ewe bwana wangu Sultani, wahenga walinena, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Leo tausi wako anatembezwa sokoni kama mchicha. Fundi Mwanakombo ameiangusha heshima ya joho lako, imeanguka sokoni, na watu wanaikanyaga. Nashauri sindano yake ivunjwe na yeye atolewe mjini."

Mwanakombo akaitwa, naye Ngwali akamfuata nyuma, maana hakuwahi kuona baraza asiliketie. Sultani akamwuliza fundi, "Ni kweli haya?"

"Ni kweli, bwana. Tausi wako ni wa hariri na dhahabu, na yule ni wa kaniki na pamba. Sikumdanganya mtu. Nilikuwa na njaa."

Sultani hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa kumsikiliza aliyesema mwisho, na aliyesema mwisho siku zote alikuwa Waziri. Akaanza kuinua mkono ili atoe hukumu. Hapo Ngwali, kwa kumhofia mkewe, mdomo ukamponza. Akasema, "Bwana, kama heshima imeanguka sokoni, si iokotwe? Sokoni huanguka vitu vingi, na vyote huokotwa, tena upesi."

Baraza zima likageuka. Waziri akatabasamu, akamnong'oneza Sultani sikioni, naye Sultani akasema, "Umenena vema, ewe Ngwali. Basi nenda wewe ukaiokote. Ijumaa baada ya swala nina karamu na wakubwa wangu. Uniletee heshima yangu hapa, yote, isibaki sokoni hata chembe. Ukishindwa, sindano ya mkeo itavunjwa, na mtatoka mjini wote wawili."

Walipofika mlangoni kwao Mwanakombo akamgeukia mumewe. Kisha akasema, "Ungenyamaza, ningefukuzwa peke yangu. Sasa tutafukuzwa wawili, na mizigo utabeba wewe."

Ngwali akaona haya, tena akaona hofu, kwa sababu alimpenda mkewe na alijua kwamba mwanamke yule bila sindano ni sawa na mtu aliyekatwa mikono. Lakini maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Akatwaa pakacha, akaenda sokoni kuokota heshima.

Akainama chini ya meza za samaki, akapata magamba. Akapekua penye machungwa, akapata maganda na ndara moja. Watu wakamwuliza anatafuta nini, akasema, "Heshima ya Sultani, imeanguka maeneo haya," nao wakamsaidia kutafuta kwa moyo safi, maana watu wa soko hawakatai kutafuta kitu cha mtu. Jua likawachoma, wasione kitu.

Ngwali alipokuwa amekaa juu ya pakacha lake amekata tamaa, akapita Mbwana na punda wake, wote wawili wamevaa tausi. Bibi mmoja aliyekuwa ameketi kibarazani, macho yake hayaoni vizuri, akainuka haraka, akajifunika ushungi, akapisha, akasema, "Pita, bwana mkubwa, pita." Kumbe ni mama mkwe wake Mbwana, ambaye tangu harusi hakuwahi kumwita kwa jina jema. Mbwana akapita ameinua kidevu, na punda naye.

Ngwali akaruka. "Nimeiona," akasema. Akamkimbilia Mbwana, akamfungulia pakacha. "Ndugu yangu, una heshima ya Sultani mabegani. Nimeona mkweo akiisimamia. Tafadhali itie humu."

Mbwana akajitikisa, akajipangusa mabega, akatazama ndani ya pakacha. "Haitoki," akasema. "Imeshika."

"Basi itabidi uje nayo," akasema Ngwali, "wewe na kila mwenye tausi. Ijumaa baada ya swala. Sultani ameagiza iletwe yote."

Ijumaa ikafika. Wakubwa wa baraza wakaketi zuliani, halua imepangwa, vikombe vya kahawa vinatoa mvuke. Langoni alisimama bawabu Mabruki, mtu aliyeijua sheria moja tu, lakini aliijua sawasawa. Mara akaona kundi la watu linakuja na tausi zao, na Ngwali na mkewe mbele. Mabruki akatazama migongo, akafungua lango, hakuuliza jina. Wakaingia wauza mbaazi, wakaingia wachukuzi, akaingia Mbwana. Akaja punda. Mabruki akamtazama usoni kitambo, kisha akamtazama mgongoni, tausi alikuwapo, akamfungulia.

Watumishi wa karamu nao walikuwa na sheria yao. Walipoona tausi wakainama, wakaketisha, wakamimina. Ukumbi ukajaa, ikawa hakuna pa kupitishia mguu, na joto la shingo za buluu likapanda. Punda, kwa kuwa hakuweza kuketi, alipelekewa sinia ya halua pale aliposimama, kando kabisa ya Waziri Mselemu. Akala halua ya kwake, kisha akageuza shingo akala na ya Waziri.

Waziri akainuka. "Mimi sivai nguo anayoivaa punda," akasema, akalivua joho lake la hariri, akalitupa chini, akatoka mbio kwenda kuwaita askari wa nje.

Sultani naye alikuwa amekunja uso. "Ewe Ngwali, nilikuagiza heshima, wewe umeniletea soko."

"Bwana wangu," akasema Ngwali, "nilijaribu kuitoa, ikakataa. Imeshika mabegani. Nawe ulisema isibaki hata chembe, nikaogopa kuikwangua. Basi nimekuletea na vyombo vyake. Kama wasema siyo yenyewe, waulize watumishi wako wamemwinamia nani."

Sultani akawatazama watumishi, nao wakatazama vidole vya miguu yao.

"Na hii ndiyo yote?" akauliza Sultani, na sauti yake haikuwa ya mchezo. "Sokoni hakukubaki kitu?"

Hapo Ngwali akakumbuka jambo. Shomari alikuwa amekuja nyuma ya msafara na majoho aliyobakiza, ameyatundika kwenye kamba nje ya lango, kwa kuwa mfanyabiashara hapitwi na kusanyiko. Mwanakombo, aliyesimama karibu na nguzo, akaufunga mkono juu ya sindano iliyochomekwa kifuani mwake. Ngwali akamwona, akataka kusema uongo, ulimi ukagoma, ukasema kweli. "Bwana, imebaki kidogo. Nipe muda wa kahawa moja."

Huko nje, Waziri alikuwa hajampata askari hata mmoja wa kumsikiliza, maana wote walikuwa kwa Shomari wakijipimia. Akarudi langoni, kilemba amekitupa kwa hasira, na kanzu imemganda kwa jasho. Mabruki akamzuia kwa mkuki.

"Mwenye tausi haulizwi jina," akasema Mabruki. "Wewe huna tausi. Nakuuliza, jina lako nani?"

"Huoni? Mimi ni Waziri."

"Mawaziri nimeshaingiza tele leo. Mmoja wao alikuwa na masikio marefu. Wewe wa nini tena?"

Waziri akataja jina lake, akataja la baba yake, akataja vyeo vyake vyote. Mabruki, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amemfungulia mgongo wala si uso, hakumtambua hata kidogo. Watu wakaanza kujaa kumtazama mzee anayedai kuwa mkubwa. Jua lilikuwa la utosi. Ndipo Shomari akamsogelea kwa adabu, joho la kaniki mkononi.

"Mzee wangu," akasema, "hili litakufaa. Ni la mwisho wa kamba."

Fedha za Waziri zilikuwa ndani ya joho alilolitupa. Akamtazama Shomari, akalitazama lango, kisha akamlipa kwa bakora yake yenye kichwa cha fedha. Joho lilimfika magotini. Mabruki akamtazama mgongoni, akafungua lango pale pale, akainama.

Basi Waziri Mselemu akaingia ukumbini na kaniki yake, jasho likishuka, na buluu ikimtiririka shingoni hata ndani ya ukosi. Watumishi wakainama. Ukumbi mzima ukamsimamia, wakubwa na wauza mbaazi, na punda ambaye alikuwa amesimama tangu mwanzo.

Ngwali akashusha pumzi. "Bwana wangu Sultani," akasema, "hiyo ndiyo chembe iliyokuwa imebaki. Sasa imetimia."

Sultani akamtazama Waziri wake kuanzia utosi hata magoti. Kwanza bega likamtikisika, kisha tumbo, kisha akacheka mpaka kahawa ikamwagika juu ya tausi wake mwenyewe. Alipopata pumzi akauliza, "Mselemu, umelipata wapi joho hilo?"

"Langoni, bwana," akasema Waziri kwa sauti ndogo.

"Na bila hilo?"

Waziri akainamisha kichwa. "Bila hilo, bwana, niliulizwa jina, na jina langu halikutosha."

"Kumbe heshima yako haikuanguka sokoni," akasema Sultani. "Ilikuwa ya kushonwa tangu zamani, na leo umekwenda kuinunua upya." Akamgeukia Mwanakombo. "Shona, fundi. Shona ya hariri na shona ya kaniki, kwa yeyote atakaye, na asikuguse mtu sindano. Nawe Mabruki, kuanzia leo umwulize kila mtu jina, hata mimi."

Ikawa hivyo. Watu wa soko wakaendelea na tausi wao wa pamba, na wengine wao, walipokwisha kumzoea, wakaanza kudunduliza ili siku moja wapate wa dhahabu, ikawa Mwanakombo ana maagizo mengi ya hariri kuliko alivyopata kuwa nayo. Wakubwa wakaanza kufanya mambo ya kutajika, kwa kuwa langoni walihitaji jina. Na Sultani akamtunuku Ngwali joho la hariri la tausi wa dhahabu, naye Ngwali akaenda nyumbani akiimba.

"Unaimba nini?" akauliza Mwanakombo, akitunga uzi. "Zawadi umepewa wewe, na kazi nimepewa mimi. Haya, geuka nikupime."

Buluu ya kaniki haitoki kwa sabuni, hutoka kwa siku zake yenyewe. Kwa muda mrefu Waziri Mselemu alikuja barazani na joho lake la hariri, tausi wake wa dhahabu akimeremeta mgongoni, na kila aliyemsimamia alimtazama shingo. Hekaya yangu imefika langoni. Ukiulizwa nani kakusimulia, taja jina.