Vibanda Visivyosikizana

Wametusimulia waliotutangulia, Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa zamani aliishi mja mwema akiitwa Muhsini bin Ghalibu. Mali alikuwa nayo na moyo pia, na viwili hivyo havikutani kila siku. Aliwaona maskini wamelala kwenye baraza ya msikiti kama magunia, akahuzunika, akawajengea vibanda vya mawe shambani kwake, nje ya mji. Kila kibanda alikiweka mbali na kingine, mtu akikohoa jirani asisikie, ili kila mmoja apate utulivu wa kumdhukuru Mola wake. Kwake yeye, mwenye nyumba ya kelele, utulivu ndio ulikuwa tunu. Wenyewe hakuwauliza.

Kimoja alipewa Bi Mwanatumu, kikongwe asiye na mume wala mtoto.

Ijumaa moja Muhsini akaja na matajiri wageni, waliotaka kujenga vibanda kama vile makwao. Msimamizi wake, Nasibu, akatangulia mbio.

"Bibi, utawaombea dua na kushukuru, basi. Ukimwaibisha bwana, kibanda hiki kina wengi wanaokitaka."

"Na mimi?"

"Baraza unaijua."

Wageni wakasimama mlangoni. Muhsini akauliza kwa adabu, "Mama yangu, umeridhika?"

Bi Mwanatumu akamhimidi Mungu, akamwombea Muhsini afya na kizazi chema. Angeishia hapo, mwenye kujipenda angeishia hapo. Lakini aliogopa kumdanganya mtu aliyemtendea wema.

"Paa halivuji, bwana, Mungu akulipe. Ila nikimaliza kuswali nikatoa salamu, kulia ukuta, kushoto ukuta."

Nasibu akadakia, "Malaika hawakutoshi?"

"Malaika hawaji kuomba chumvi, mwanangu."

Wageni wakacheka. Muhsini hakucheka. "Sasa wataka nini, mama?"

"Nirudi barazani. Kule natukanwa, lakini natukanwa kwa jina langu."

Muhsini akawaaga wageni, akamtuma Nasibu awasindikize, akaketi kwenye mkeka wa bibi. Alasiri ilipoingia, Bi Mwanatumu akaenda kuchota maji, na kisima kilikuwa mbali. Muhsini akaswali peke yake. Akatoa salamu kulia, akatoa kushoto. Kimya. Akajikuta anamwita mkewe, na mkewe yuko mjini.

Tangu siku ile hakujenga tena shambani. Alijenga vyumba ubavuni mwa nyumba yake mwenyewe, milango ikitazamana, akawahamishia watu wote humo. Mkewe alipolalamikia makelele, alimjibu, "Vumilia. Hayo ndiyo tuliyowanyima."

Bi Mwanatumu alifia humo, na jirani ndiye aliyemfumba macho.

Basi enyi mnaotoa, Mungu awakubalie. Mkishajua maskini analala wapi, msiondoke bado. Ulizeni siku asipoamka, nani atajua.