Mzee Aliyekula Amesimama

Isome ukipata dakika mbili, kisha mtumie mwanamume mmoja wa nyumbani kwenu.

Huko Rungwe palikuwa na mzee wa kanisa aitwaye Ambakisye. Mke wa mwanawe, Sekela, alikuwa muuguzi katika zahanati ya kijiji. Kwa mila zao, mkwe wa kike hasemi na baba mkwe wala hamtazami. Wakikutana njiani, mkwe huingia majanini mpaka mzee apite.

Siku moja Sekela aliona, kupitia mlango wa jiko, mzee anakula amesimama. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu akamuuliza mama mkwe wake, Tupokigwe.

"Mama, mbona baba haketi?"

"Anasema ana homa."

"Homa haimnyimi mtu kigoda."

Tupokigwe akatoka uani kumbana mumewe. Mzee alikataa, alikataa, mwishowe akasema kwa hasira, "Ni jipu, huku nyuma ninapokalia. Litaiva, litapasuka. Ulitaka nimvulie suruali mkwe wangu?"

Sekela aliyasikia yote nyuma ya ukuta wa jiko. Hakuweza kumjibu. Akamgeukia kuku aliyekuwa akidonoa pumba, akasema kwa sauti ya kufika uani:

"Wewe kuku, jipu lililo karibu na njia ya haja si kama la pajani. Linachimba ndani. Ukingoja liive, sumu yake inaingia kwenye damu. Na vidonge peke yake haviliponyi. Hupasuliwa, usaha ukatoka. Hospitali ya wilaya yuko daktari mwanamume. Ningekuwa wewe, ningeondoka leo."

Mzee akamwambia mkewe, "Mama Lusajo, nitafutie koti."

Alipasuliwa jioni ileile. Daktari alimwambia kwamba angechelewa siku mbili zaidi, huenda angeletwa amebebwa.

Aliporudi nyumbani alikwenda kusimama karibu na ukuta wa jiko. Tupokigwe alidhani anataka kushukuru.

"Kuku," mzee akasema, "kaka yangu tulimzika tukisema ni homa. Siku zake nne za mwisho alikula amesimama. Mimi nilimcheka. Nilimwambia anajifanya askari wa lindo."

Nyuma ya ukuta, Sekela aliacha kupepeta mchele.

Funzo: Usaha hauoni haya. Mtu wako akiacha kuketi, usimcheke. Muulize panapomuuma, umpeleke hospitali siku hiyohiyo.