Mchicha Uliokataa Chumvi

Paukwa?
Pakawa.
Pakawa nini?
Pakawa mji wa visima viwili, cha mbali maji matamu, cha karibu maji ya chumvi.

Basi hapo kale, wanyama wakisema na watu, aliishi Bi Somoe na binti yake, Zuhura. Zuhura alikuwa amejifungua karibuni. Uso umempauka, maziwa hayatoki, akisimama anashikwa na kizunguzungu. Mkunga akasema, "Huyu hana damu. Mpe mchicha, kila siku, mwingi."

Bi Somoe akapanda mchicha uani. Lakini mji ule, jamani, ulikuwa na mwiko wake: maji matamu ni ya kinywa tu. Ardhi hupewa ya chumvi, kwani ardhi ina ulimi?

Akamwagilia ya chumvi, majani yakaungua kingo. Akatia samadi, akamwagilia, yakadumaa. Akamwagilia maradufu, maskini, mchicha ukalala chini. Bi Somoe akaketi kwenye tuta akalia. Mimi ningelia pia. Nyinyi je?

Akapita Kobe. "Hodi, bibi. Mgeni ana kiu."

"Karibu, babu."

Na mgeni hanyimwi maji matamu, wala haulizwi anayafanyia nini. Akapewa kata imejaa. Kobe akaiinamisha, akayamwaga yote kwenye shina moja la mchicha.

"Ahsante, bibi. Nimekunywa."

Bi Somoe akauma midomo. Kesho yake Kobe akaja, akamwaga. Keshokutwa akaja, akamwaga. Haba na haba hujaza kibaba. Shina lile likainuka, likatoa majani mapana, laini, ya kijani kibichi.

Bi Somoe akalitazama, akayatazama mengine. Akajitwika mtungi, akashika njia ya kisima cha mbali. Asubuhi huenda, jioni huenda. Mgongo unamuuma, naye huenda.

Majirani wakamjia juu. "Somoe, maji ya kunywa unayamwaga mchangani?"

"Simwagi," akasema. "Namnywesha mwanangu. Yanapitia kwenye jani tu."

Wakaenda zao.

Mchicha ukastawi, ukachumwa, ukapikwa. Leo Zuhura akala, kesho akala, damu ikamrudi usoni. Asubuhi moja mtoto akanyonya, akanyonya, mpaka maziwa yakamchuruzika kidevuni. Bibi yake akayafuta kwa ncha ya kanga, akiwa analia na kucheka.

Hadithi yangu naifunika hapa. Mkiiona tamu, gawaneni. Mkiiona chungu, nirudishieni mwenyewe.