Sarafu Nyeusi ya Bi Buku

Paukwa!

Pakawa.

Mbona mnaitikia kama mliolala njaa? Nasema paukwa!

Pakawaaa!

Ehee, sasa mko hai. Anayesinzia tumfanyeje?

Tumfinye!

Mfinyeni taratibu tu, asije akaniharibia ngano kwa kulia.

Basi, palikuwa na Bi Buku, yule panya mkubwa wa porini mwenye mifuko mashavuni. Alikuwa mjane, na watoto wamejaa nyumbani tele. Aliishi katika shimo la Bwana Ngiri. Shimo lenyewe alilichimba Muhanga zamani, akalihama. Lilikuwaje la Ngiri basi? Ngiri alisema ni lake, na kwa meno yale yaliyopinda nje ya mdomo, nani ambishie?

Masika yalikuwa yanakaribia, na Ngiri alishatoa amri yake.

"Tone la kwanza likidondoka, wewe na wanao nje! Nataka kulala pakavu."

"Nitawapeleka wapi watoto, bwana?"

"Utajua mwenyewe."

Asubuhi moja Bi Buku alikuwa anachimba jikoni, kwaru-kwaru-kwaru, kucha zikagonga kitu. Ka! Chungu. Akakitikisa: ching'iri, ching'iri! Kumbe kimejaa sarafu za kale. Zilikuwepo zenye tundu katikati, zilikuwepo zenye simba, zilikuwepo zenye kichwa cha bibi wa ugenini aliyenona shingo. Na chini kabisa ilikuwepo moja nyeusi tii, yenye sura mbaya, maandishi yake hayasomeki kwa lugha ya hapa.

Mara gudu-gudu-gudu! Ngiri huyo, pua mbele.

"Nini kinalia humo?"

"Sarafu, bwana. Za kale na za kigeni. Thamani yake siijui."

"Shimo la nani?"

"Lako, bwana."

"Basi na sarafu za nani?"

Bi Buku akageuka. Aliwaona wanawe wakichungulia nyuma yake, akajikaza.

"Bwana, husemi uongo. Ila majirani wana midomo. Watasema Ngiri mzima kamnyang'anya mjane. Si tufuate desturi yetu ya kugawana? Sarafu hizi na shimo hili tuvifanye mafungu mawili. Mimi nagawa, wewe unachagua. Utakachochagua ndicho chako, na utakachoacha ndicho changu."

Ngiri akacheka hadi akakohoa. Achague yeye kwanza! Nani akatae?

"Jioni nakuja. Kobe awe shahidi."

Alipoondoka tu, Bi Buku akajaza sarafu mashavuni, uso ukawa kama boga, akakimbia mpaka bwawani kwa Mzee Korongo. Huyu Korongo kwao ni mbali, ng'ambo huko. Baridi ikiwabana huja kuota jua kwetu, kwa hiyo fedha za watu anazifahamu.

Bi Buku akazitema, moja moja.

"Na hii, mzee?"

"Zimejaa kila mahali, mama. Konzi ya karanga."

"Na hii?"

"Konzi ya karanga."

"Na hii?"

"Hiyo imekatika ukingo. Nusu konzi."

Mwisho akaitoa ile nyeusi, kwa aibu. Korongo alikuwa amesimama kwa mguu mmoja. Akashusha na wa pili. Akaigeuza. Akatazama mwaka, akatazama ukingo, akaisogeza jichoni.

"Bi Buku, umeisugua hii?"

"Hata! Ndiyo maana naona haya, uchafu wote huo."

"Alhamdulillahi! Usiiguse! Nchi iliyoipiga haipo tena, na zilipigwa chache. Kwetu wapo watu wazima na akili zao wanaziweka kwenye kabati la kioo na kuzitazama tu. Utando huu ndio umri wake. Ukiufuta, umebaki na kipande cha chuma. Ukitaka kuiuza, niletee hivi ilivyo, nami nitakujazia ghala mtama na karanga, mle mpaka masika yaishe."

Bi Buku machozi yakamtoka. Korongo angeweza kusema ni takataka, aiokote baadaye. Hakusema. "Ahsante, mzee wangu," akamwambia. "Ahsante sana. Mungu akurudishe kwenu salama."

Sasa, pori lile lina jambo moja. Huko kila mmoja anasugua. Sufuria isipong'aa, mwenyewe anasengenywa mpaka kisimani. Bi Buku akachukua majivu na limau, akakaa na zile sarafu za konzi ya karanga, shwa-shwa-shwa, zikametameta mpaka watoto wakafumba macho. Ile nyeusi hakuigusa.

Jioni, gudu-gudu-gudu! Ngiri kafika, na Kobe nyuma yake akihema.

"Fungu la kwanza," Bi Buku akasema, "ni hizi zinazong'aa zote. Fungu la pili ni shimo hili, pamoja na hii nyeusi."

Ngiri akazinusa zinazong'aa, fwoo! Akaligeukia shimo. Kisha akaikazia macho ile nyeusi, akaikazia hasa.

"Mbona hii umeitenga?"

Moyo wa Bi Buku ukapiga pu! Akaiona mvua, akawaona wanawe nje. Lakini sauti yake ikatoka laini.

"Kama unaitaka, bwana, tubadilishane. Chukua nyeusi, unipe moja tu inayong'aa."

"Weee!" Ngiri akaruka. "Unataka kuniibia mchana kweupe! Nachagua zinazong'aa, zote! Baki na shimo lako na uchafu wako!"

"Kachagua," akasema Kobe.

"Ahsante, bwana," akasema Bi Buku, na alishukuru kwa moyo wake wote. Ngiri akaondoka kifua mbele, akijiona mkarimu.

Asubuhi Ngiri akapeleka mali yake kwa Korongo. Konzi, konzi, nusu konzi. Karanga zenyewe akazimaliza njiani, na njiani mvua ikamkuta. Pwaa! Akarudi mbio shimoni, akakuta ghala limejaa kwa bei ya ile nyeusi, watoto wameshiba, na Kobe kaketi mlangoni.

"Nirudishieni shimo langu!"

"Lako lipi?" akauliza Kobe.

Ngiri akasimama pale, maji yakimchuruzika puani. Bi Buku akamwonea huruma, kweli kabisa. Akatoka na bakuli la karanga.

"Karibu, bwana. Ungechagua vingine, wanangu wangekuwa nje sasa hivi. Ahsante sana."

Ngiri akala zote, kichwa chini, mvua ikimpiga mgongoni. Alipomaliza akanong'ona kitu ambacho hakuwahi kumwambia mtu tangu azaliwe.

"Ahsante."

Ngano nimeitua hapo. Iliyemfaa aibebe, isiyemfaa aiache mlangoni, nitaifagia mwenyewe.

Na funzo lake? Watoto, msioge! Mama akikuita na beseni lake, mwambie, "Mama, utanipunguzia thamani." Akishika fimbo, mimi simo.