Kiapo cha Damu ya Kwanza

Wametusimulia waliotutangulia, na Mola ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika bonde moja la Yemeni palikuwa na mji wenye mitaa miwili na msikiti mmoja. Watu wake walikuwa wa ukoo mmoja, wakielekea kibla kimoja, wakiozana mabinti. Kisha wakauana. Astaghfirullah! Watu wanaosimama safu moja, bega kwa bega, wakitoka hapo wanakwenda kuviziana.

Chanzo kilikuwa kisimani. Asubuhi moja kijana wa Mtaa wa Juu aitwaye Dhirari aligombana na watu wa Mtaa wa Chini juu ya zamu ya kuteka maji, akachomwa upanga, akafia nyumbani kwake. Wa Juu wakasema ameuawa bila kosa. Wa Chini wakasema yeye ndiye aliyeanza kuchomoa upanga akamjeruhi mtu wao, nao wakajitetea. Basi, vita. Miaka ikapita na makaburi yakajaa pande zote mbili.

Mwishowe Mtaa wa Chini ukazidiwa. Walizingirwa hata wakatafuna ngozi za viriba. Mkubwa wao, Sheikh Wathila, mcha Mungu ambaye hata maadui zake walimheshimu, akatuma neno kwa Amiri Muthanna, kaka yake Dhirari na jemadari wa Mtaa wa Juu: "Tumesalimu amri. Ngome ichukueni, silaha zichukueni, tuachieni roho zetu."

Amiri akaridhia, ila alitaka kwanza desturi itimizwe. Katika mji ule sulhu haikuwa sulhu mpaka mmoja aape msikitini kwamba upande wake ndio uliomwaga damu ya kwanza, kisha atangulie kuweka upanga wake kizingitini. Wengine huweka baada yake. Amiri akataka anayeapa awe Sheikh Wathila.

Sheikh akakataa. Tazameni mambo! Amekubali kushindwa, amekubali kutoa kila kitu, halafu anakataa kutamka maneno mawili matatu. Akasema, "Mimi nilikuwepo kisimani, natia udhu. Niliona kwa macho yangu. Sitamfanya Mwenyezi Mungu shahidi wa uongo."

Watu wake wakamjia juu, na wallahi hata mimi ningemjia juu. "Sheikh, apa tu! Watoto wana njaa, na Mola ni Mwingi wa kusamehe."

"Ni Mwingi wa kusamehe," akajibu, "ndiyo sababu nimfanyie jeuri?" Alisema hivyo huku machozi yakimtoka, maana mwanawe Suhaimu alikuwa hoi kitandani kwa njaa ile ile. Katika siku hizo za kubishania kiapo, Suhaimu alifariki. Sheikh akamwosha, akamsalia, akamzika, na jibu lake halikubadilika.

Amiri naye akashikilia lake. Akatangaza: Ijumaa baada ya swala Sheikh aape, na asipoapa, Mtaa wa Chini utaingiwa kwa upanga.

Ijumaa ikafika. Wanaume wa mitaa yote miwili wamejaa msikitini, wanawake nyuma ya pazia. Miongoni mwao alikuwa Bibi Lubaba, mjane wa Dhirari. Tangu mumewe afe, watu walimwita Mke wa Shahidi. Harusini aliketishwa mbele, na akipita watu walimpisha njia. Heshima ni tamu, jamani, tusidanganyane.

Sheikh Wathila akasimama, amekonda, akasema kwa upole, "Amiri, siwezi." Mikono ya vijana ikaenda kwenye mipini ya panga.

Hapo sauti ya mwanamke ikatoka nyuma ya pazia. "Shemeji! Ngoja. Asiape. Akiapa atakuwa ameapa uongo."

Amiri akageuka. "Lubaba, unasema nini?"

"Nduguyo alifia mapajani mwangu. Kabla ya kukata roho aliniambia, 'Mimi ndiye niliyechomoa upanga nikamjeruhi mtu kwanza. Wale walikuwa wanateka maji tu. Waambie watu wasipigane.' Nikatoka nje kukwambia, nikakuta umeshapanda farasi na watu wanapiga takbiri. Nikaogopa. Nikasema nitakwambia ukirudi. Uliporudi walikuwa wameshakufa wengine, na mimi nimeshaitwa Mke wa Shahidi. Kila siku ikawa ngumu kuliko jana."

Amiri Muthanna, aliyeshinda, akaenda mbele ya mihirabu, akaapa: "Wallahi, damu ya kwanza tuliimwaga sisi." Kisha akatembea hadi kizingitini, akaweka upanga wake chini, wa kwanza. Baada yake Sheikh akaweka wake, na watu wa mitaa yote miwili wakafuata. Chakula kikapelekwa Mtaa wa Chini mchana ule ule, na ngome Amiri hakuigusa.

Watu walipotawanyika, Lubaba alimfuata Sheikh nje, uso ameuinamisha. "Sheikh, nakuomba radhi. Suhaimu angekuwa hai."

Sheikh akamgeukia. "Ndiyo, binti yangu," akasema. "Angekuwa hai. Sikufichi, inaniuma sana."

Lubaba akalia. "Basi hutanisamehe?"

"Nimekusamehe leo. Na kesho nikiamka nikakuta kitanda chake kitupu, itaniuma upya, nami nitakusamehe upya. Wewe niombee tu nisichoke."

Enyi wapenzi wasikilizaji, sisi tukipatana na ndugu zetu tunapeana mikono, tunakula pilau, tunadhani tumemaliza. Bonde lile lilikaa kwa amani mpaka wajukuu wakazeeka, na wanaotusimulia wanasema Sheikh Wathila alikuwa akiamka kila alfajiri, akitazama kile kitanda, kisha anasema, "Ya Rabi, nimemsamehe," ndipo anakwenda kutia udhu.