Sindano ya Tumbo la Wakesho

Hapo zamani, na si zamani ya mbali, maana minara ya simu ilikuwepo na kazi ndizo hazikuwepo, kwenye milima ya Taita aliishi mwanamke aitwaye Wakesho. Wakesho alikuwa na lupus: askari wa mwili wake waliacha kuilinda nyumba wakaanza kuibomoa. Wakapiga viungo, wakachoma mashavu. Macho yakakauka, mate yakakauka. Watu wa nyumbani wakasema ni lupus. Mimba mbili zikatoka. Wakasema ni lupus. Kila kitu lupus, full stop. Hata maziwa yangechacha wangesema lupus.

Mimba ya tatu ikashika. Ndipo mguu wa kushoto ukavimba, huo mmoja tu, ukawa moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Wakesho akaogopa.

Mumewe, Mwadime, alikuwa ameisoma lupus yote kwenye simu yake mpaka akaimaliza. Akasema ni ileile, hospitalini watazungushwa bure. Mama mkwe, Mama Mghoi, mkandaji aliyesifiwa mlima mzima, akachemsha maji, akapaka mafuta, akaukanda mguu ule asubuhi na jioni. Mkawasi, dada yake Mwadime na wifi ya Wakesho, alikuwa na digrii ya uuguzi na kazi ya kupikia wageni chai. Aliuona mguu. Alijua kwamba ukivimba mmoja hivyo, huenda damu imeganda ndani. Lakini alipowahi kusema neno kuhusu yale macho, kaka yake alimjibu, "Wewe daktari wa jikoni, andikwa kazi kwanza ndipo utibu." Safari hii akafunga mdomo. Let them see, akajisemea.

Siku ya soko Wakesho alikuwa ameketi mlangoni. Pumzi ikakatika. Akavuta hewa, haikuja. Akashika tumbo, mtoto kimya. Akawaza: na huyu pia anaondoka, na leo anaondoka na mimi.

Mama Mghoi ndiye aliyeona kwanza. Akasema hii si lupus, hiki ni kitu kingine. Mwadime akambeba mkewe mgongoni, akateremka naye mlima mpaka barabarani, miguu yake mitupu ikivuja damu, mama na dada yake wakimfuata. Hospitalini daktari alipotaka kuandika lupus, Mkawasi akamshika mkono: damu imeganda mguuni, imepanda mapafuni, na yeye aliujua mguu ule tangu mwanzo.

Wakamwahi. Moyo wa mtoto ukasikika.

Daktari akaeleza kwamba lupus mara nyingi huja na wenzake. Wakesho ana ugonjwa mwingine, unaogandisha damu, na huenda ndio uliokula zile mimba mbili. Ana wa tatu, unaokausha macho na mate. Tangu leo ni sindano ya tumbo kila siku mpaka ajifungue. Ikirukwa, damu itaganda; ikizidi, itamwagika. Na vidole vya Wakesho vilikuwa vimevimba, havishiki hata kijiko.

"Nimfundishe mmoja," daktari akasema. "Wakiwa wawili hutegeana."

Mama Mghoi akanyoosha viganja. "Hii mikono ndiyo iliyokanda ikalisukuma bonge la damu mpaka kifuani. Hakuna mkono utakaoogopa kukosea zaidi ya huu."

Mwadime akasema, "Nilikosea kwa kinywa, nikalipa kwa mgongo. Mke ni wangu na mtoto ni wangu."

"Nyinyi mnaomba kufundishwa," Mkawasi akasema. "Mimi sindano naijua."

"Na mguu pia uliujua," Mwadime akamwambia.

Mkawasi akaenda kunawa mikono.

Wakesho akawatazama. Mmoja hujua sana asichokijua. Mmoja huumiza kwa upendo. Mmoja anajua kweli, na siku akiudhika hunyamaza. Daktari akaitoa sindano ya kwanza kwenye pakiti yake, akangoja jina.

Haya, mliokaa hapo mkitikisa vichwa: kama wewe ndiye Wakesho, ungefunua tumbo lako mbele ya nani?